‘The Deer Hunter’: Marafiki walipoachiwa mzigo wa vita

ILIPOTIMIA miaka 50 tangu kuanguka kwa mji wa Saigon, Aprili 30, 2025, mjadala wa siku nyingi kuhusu namna Marekani ilivyovisimulia vita vya Vietnam ulipata sababu nyingine ya kuendelea. Katika mjadala huo kuna filamu moja ambayo haikwepeki. Nayo ni The Deer Hunter, ya mwongozaji Michael Cimino, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 1978, miaka mitatu na ushei tu baada ya helikopta za mwisho za Marekani kuondoka Saigon.

Kwa Kiswahili jina hilo ni sawa na kusema ‘Mwinda Kulungu’. Ni filamu ya saa tatu na dakika tatu, na tangu siku yake ya kwanza imewagawa watazamaji katika makundi mawili ambayo hadi leo hayajapatana.

Kundi moja linaiona kuwa miongoni mwa kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa kuhusu vita na madhara yake katika akili ya binadamu. Kundi la pili linaiona kuwa uzushi wa hatari, uliompaka matope Mvietnam aliyekuwa akipigania nchi yake.

Ukweli ni kwamba makundi yote mawili yana hoja. Mengi ambayo filamu hiyo inayasema kuhusu Vietnam si kweli. Lakini mengi inayoyasema kuhusu mtu aliyerudi kutoka vitani ni kweli tupu, tena iliyasema kabla madaktari wa Marekani hawajakubaliana hata jina la ugonjwa wenyewe.

Na katikati ya uongo huo na ukweli huo umekaa urafiki wa vijana watatu wa kiwandani, ambao ulitwishwa kazi iliyopaswa kufanywa na jeshi, hospitali na serikali.

Vijana hao ni Michael, Nick na Steven. Nafasi zao zilichezwa na Robert De Niro, Christopher Walken na John Savage. Wanaishi Clairton, mji mdogo wa viwanda vya chuma katika jimbo la Pennsylvania, katika jamii ya wahamiaji wenye asili ya Kirusi na kanisa lao la Kiorthodoksi. Wanafanya kazi pamoja kwenye tanuri, wanakunywa pamoja katika baa ya rafiki yao, na mapumziko yakiruhusu wanapanda milimani kuwinda kulungu.

Cimino hakuwa na haraka hata kidogo. Theluthi nzima ya filamu inakwisha kabla ya risasi ya kwanza ya vita kusikika. Muda huo wote watu wanatoka kazini, wanalewa, wanacheza pata potea ya mipira ya mezani, na zaidi ya yote wanahudhuria harusi ya Steven, ambaye anaoa siku chache tu kabla ya safari ya Vietnam.

Wapo waliolalamika wakati ule, na wapo wanaolalamika hadi sasa, kwamba harusi ile ni ndefu mno. Malalamiko hayo yanapuuza jambo moja. Mtu hawezi kujua kilichoharibika iwapo hakukiona kikiwa kizima. Mtazamaji anakaa harusini mpaka anazijua sura za wazee, walevi, mashemeji na watani; na baadaye sura hizo zinaporudi zikiwa zimenyamaza, hahitaji kuelezwa kitu.

Katika harusi hiyo kuna ishara mbili. Ya kwanza ni divai. Maharusi wanapewa kunywa kwa pamoja, na imani ya watu wao ni kwamba wasipomwaga hata tone watakuwa na bahati maisha yao yote. Matone mawili yanadondoka juu ya shela jeupe la bibi harusi, wala hakuna anayeyaona.

Ya pili ni askari wa kikosi maalumu aliyeketi peke yake kaunta. Vijana wanamwendea kwa heshima na kumuuliza kukoje huko Vietnam. Anawajibu kwa tusi, tena tusi moja tu, kisha anarudi kwenye glasi yake. Wanamcheka na kumkasirikia. Hawajui kwamba wamekutana na nafsi zao za baadaye.

Usiku huohuo Nick anamwomba Michael ahadi: lolote litakalotokea, asimwache huko. Michael anaahidi. Hadithi yote iliyobaki inaning’inia kwenye ahadi hiyo.

Haikuwa bahati mbaya kwamba Cimino aliwachagua watu wa tanuri la chuma. Mwanahistoria Christian Appy, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu askari wa vita hivyo, amekadiria kwamba takriban asilimia 80 ya Wamarekani waliopelekwa Vietnam walitoka katika familia za wafanyakazi na za kimaskini. Kwa miaka mingi, kijana aliyekuwa chuo kikuu aliweza kuahirishiwa wito wa jeshi. Kijana wa kiwandani hakuwa na pa kujificha, na mara nyingi hakutafuta pa kujificha, kwani baba yake naye alikwenda katika vita vya wakati wake.

Kutoka baa ya Clairton filamu inaruka ghafla hadi katikati ya moto wa Vietnam. Marafiki hao wanatekwa na kufungiwa kwenye vizimba vya mianzi ndani ya mto. Walinzi wao wanawalazimisha kucheza kamari ya kifo: risasi moja inawekwa ndani ya bastola yenye nafasi sita, silinda inazungushwa, kisha mateka anajielekezea mtutu kichwani na kufyatua huku walinzi wakiwekeana dau.

Michael anapata njia ya kuugeuza mchezo huo dhidi ya walinzi, na wote watatu wanatoroka. Helikopta inapowafikia, Nick peke yake ndiye anayeingia ndani. Steven anaponyokwa na kuanguka mtoni, na Michael anajiachia ili amfuate. Tangu dakika hiyo watatu hao hawakuwa pamoja tena.

Sehemu hiyo ya mto ndiyo inayokumbukwa na wengi na ndiyo iliyozua vurugu. Lakini si sehemu yenye uzito kuliko zote. Uzito wa filamu uko katika mambo madogo yanayofuata, ambayo hayana mlio wa risasi.

Nick anaonekana katika hospitali ya jeshi mjini Saigon. Mwilini hana jeraha kubwa. Daktari anasoma jina lake refu na kumuuliza kama ni la Kirusi, naye anajibu kwamba ni la Kimarekani. Kisha anaulizwa majina ya wazazi wake na tarehe zao za kuzaliwa. Hapo anashindwa. Maswali ya kawaida ya fomu, ambayo mtoto wa shule angeyajibu, yanamtoa machozi. Baadaye anajaribu kumpigia simu Linda, msichana aliyemwacha nyumbani (Meryl Streep, katika nafasi iliyompa uteuzi wake wa kwanza wa Oscar), kisha anabadili mawazo kabla simu haijaunganishwa.

Anatoka, anatembea usiku kwenye mitaa ya Saigon, na anaangukia katika nyumba ambamo kamari ileile ya mtoni inachezwa kwa fedha. Kwa mtazamo wa kawaida ni wendawazimu kwa mtu aliyenusurika mtoni kuutafuta mto huo mjini. Waliowahi kuwahudumia waathirika wa vita wanakijua kitu hicho kwa majina mengine: askari anayetafuta ugomvi baa kila usiku, anayeendesha gari kwa kasi ya kujiua, anayeomba kurudishwa mstari wa mbele kwa kuwa ni mahali pekee anapojisikia yu hai.

Michael yeye anarudi Amerika akiwa mzima, amevaa sare na nishani. Marafiki wamemwandalia sherehe na kutundika bango la kumkaribisha. Anaiona nyumba na bango akiwa ndani ya teksi, na anamwambia dereva apitilize. Usiku huo analala hoteli, akiwa amejikunyata ukutani. Nyumbani anaingia asubuhi, baada ya wageni kuondoka.

Ni vigumu kupata mahali pengine katika sinema za miaka hiyo ambapo hali hii imeonyeshwa kwa uchache wa maneno namna hii. Michael hawachukii watu wake. Anawapenda, na ndiyo sababu hawezi kuwakabili. Wanamtaka yule aliyeondoka, naye anajua kwamba yule hayupo.

Akipanda tena mlimani na kumpata kulungu mbele ya bunduki yake, anakosesha risasi kwa makusudi. Lakini pia, rafiki yao Stan anapochezea bastola kibandani kwa utani, Michael anampokonya, anaweka risasi moja, anazungusha, anamwelekezea Stan kichwani na kufyatua. Risasi haikuwa mahali pake. Kumbe hata aliyerudi mzima aliuleta mto ule hadi kibandani kwao.

Stan alichezwa na John Cazale, aliyekuwa mchumba wa Streep. Alikuwa akiugua saratani wakati wa upigaji picha, na alifariki Machi 1978 kabla filamu haijatoka.

Steven amepoteza miguu yote miwili. Yuko katika hospitali ya askari wa zamani na hataki kurudi nyumbani. Mkewe amepooza kwa huzuni, hasemi. Katika mazungumzo na Michael, Steven anaeleza kwamba mkewe huyo anaendelea kumtumia soksi, na yeye haelewi ni za nini. Kisha anafungua droo iliyojaa noti. Kila mwezi fedha hizo zinafika kutoka Saigon. Michael anaelewa papo hapo kwamba Nick yu hai, na kwamba anacheza.

Soksi kwa mtu asiye na miguu, na fedha kutoka kwa mtu aliyejitoa katika dunia ya walio hai. Hivyo ndivyo urafiki na ndoa vinavyofanya kazi pale ambapo hakuna anayejua afanye nini. Kila mtu anatuma alicho nacho.

Ili kuelewa kwa nini hapakuwa na anayejua, inabidi kurudi nyuma kidogo nje ya filamu.

Madhara ya vita katika akili hayakugunduliwa Vietnam. Katika vita vya kwanza vya dunia madaktari wa Uingereza waliyahusisha na mshindo wa mizinga, na mwaka 1915 daktari Charles Myers aliyaandikia katika jarida la kitabibu. Hata hivyo, jeshi hilohilo liliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama utoro na woga, na baadhi yao bila shaka walikuwa wagonjwa. Ilichukua hadi mwaka 2006 kwa Uingereza kuwasamehe rasmi. Katika vita vya pili, Jenerali George Patton wa Marekani aliwachapa makofi askari wawili waliolazwa hospitalini kisiwani Sicily mwaka 1943, akiwaita waoga.

Vietnam ilikuwa na jambo lake la pekee. Askari wengi wa Marekani walitumikia kwa takriban mwaka mmoja, na kila mmoja alikwenda na kurudi kwa tarehe yake. Babu zao walirudi na vikosi vyao kwa meli, wiki nzima na zaidi baharini, wakizungumza, wakilia na kugombana na watu waliokuwa pamoja nao. Kijana wa Vietnam aliweza kuwa msituni Jumatatu na sebuleni kwa mama yake Jumatano, peke yake, matope yangali kwenye kucha.

Waliokuwa wa kwanza kulisema jambo hilo kwa sauti ni askari wenyewe. Mwaka 1970 jijini New York, wanachama wa umoja wa askari wa zamani waliopinga vita hivyo walianza kukutana na kuzungumza, wakiwaalika madaktari wa akili Robert Jay Lifton na Chaim Shatan wakae nao. Mei 1972 Shatan aliandika makala katika gazeti la The New York Times akieleza hali aliyoiita dalili za baada ya Vietnam: hatia, hasira, ganzi ya moyo, kushindwa kupenda na kupendwa.

Inafaa kuzingatia kwamba tiba ya kwanza ilikuwa marafiki kukaa chumbani na kusemezana. Lakini walikuwa marafiki waliopitia mambo yaleyale, na palikuwa na daktari pembeni. Michael hakuwa na hayo mawili.

Serikali ilianza kufungua vituo vya ushauri kwa askari hao mwaka 1979, baada ya filamu kuwa tayari imeonyeshwa. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa huo katika mwongozo wake rasmi mwaka 1980. Uchunguzi mkubwa ulioagizwa na Bunge la nchi hiyo, na kukamilika mwishoni mwa muongo huo, ulikuta kwamba takriban asilimia 15 ya wanaume waliotumikia Vietnam walikuwa bado wanaugua, na kwamba karibu asilimia 30 walikuwa wameupata ugonjwa huo kwa kipindi fulani cha maisha yao.

Kwa maneno mengine, Nick alipokuwa akilia mbele ya fomu, daktari aliyekuwa mbele yake hakuwa na neno la kuandika.

Hapo ndipo sifa za filamu zinapoishia na lawama zake zinapoanza, na lawama hizo si ndogo.

Mwandishi wa habari Peter Arnett, ambaye aliripoti vita hivyo kwa miaka mingi na kupata tuzo ya Pulitzer, aliandika mwaka 1979 kwamba hapakuwa na tukio hata moja lililorekodiwa la kamari ya aina ile katika vita vya Vietnam. Hakuna aliyeleta ushahidi wa kumpinga. Kumbe hata chanzo cha mchezo huo hakikuwa Vietnam: andiko la awali, la Louis Garfinkle na Quinn Redeker, lilihusu wacheza kamari ya bastola Las Vegas. Vita viliongezwa baadaye. Cimino mwenyewe hakupigana huko.

Watetezi wake husema kamari ile ni fumbo, kwamba vita vyenyewe ni bastola inayozungushwa kichwani mwa kijana asiye na kosa. Ni utetezi wenye akili, lakini unaacha swali moja bila jibu. Ikiwa ni fumbo, kwa nini wanaoshika bastola na kucheka ni Wavietnam peke yao?

Picha inayojulikana kuliko zote ya bastola kichwani mwa mtu katika vita hivyo ilipigwa na Eddie Adams Februari 1, 1968, katika mtaa wa Saigon. Aliyefyatua alikuwa mkuu wa polisi wa Vietnam Kusini, mshirika wa Marekani. Aliyekufa alikuwa mfungwa kutoka upande wa pili, mikono imefungwa nyuma. Filamu iliichukua taswira hiyo na kuwabadilishia watu nafasi, mtesaji akawa mteswa. Mtazamaji asiyejua historia anatoka ukumbini akiamini kinyume cha kilichotokea.

Ndiyo maana katika tamasha la filamu la Berlin, Februari 1979, ujumbe wa Kisovieti ulijitoa kwa kupinga kuonyeshwa kwake, na nchi nyingine za kisoshalisti zikafuata. Nchini Marekani mwigizaji Jane Fonda aliishutumu waziwazi. Fonda alikuwa na filamu yake mwaka huohuo, Coming Home, kuhusu askari aliyerudi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Usiku wa Oscar wa Aprili 9, 1979, yeye na mwenzake Jon Voight walitwaa tuzo za waigizaji bora, lakini tuzo ya filamu bora ilikwenda kwa Cimino, pamoja na nyingine nne, ikiwamo ya Walken. Aliyeitangaza alikuwa John Wayne, shujaa wa sinema za vita vya kizamani, akiwa amebakiza miezi miwili ya kuishi.

Hasara ya Marekani katika vita hivyo ni zaidi ya askari 58,000, ambao majina yao yamechongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu jijini Washington. Serikali ya Vietnam ilitoa makadirio yake mwaka 1995: wapiganaji wa upande wake milioni 1.1 na raia milioni mbili. Katika filamu nzima hakuna Mvietnam hata mmoja mwenye jina la kukumbukwa.

Na ilhali nao walikuwa na akina Nick wao. Bao Ninh, aliyepigana upande wa Kaskazini katika kikosi cha vijana 500 ambacho walinusurika kumi tu, aliandika riwaya kuhusu askari anayewakusanya wafu msituni baada ya vita na kushindwa kurudi katika maisha ya kawaida. Ilipotafsiriwa kwa Kiingereza katika miaka ya 1990, wasomaji wengi wa Magharibi walikutana kwa mara ya kwanza na adui wa zamani ambaye naye halali usiku.

Kwa Mwafrika jambo hili si geni. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili katika hospitali ya Blida nchini Algeria kuanzia mwaka 1953, aliwatibu watu wa pande zote mbili za vita vya ukombozi. Katika sura ya mwisho ya kitabu chake cha mwaka 1961 ameeleza wagonjwa wake, akiwamo inspekta wa polisi wa Kizungu ambaye kazi yake ilikuwa kutesa, na ambaye alianza kuwapiga mke na watoto wake. Inspekta huyo hakutaka kuacha kazi. Alimwomba daktari amsaidie aendelee kutesa bila kusumbuliwa na dhamiri.

Kitabu hicho kilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, kikichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1978, mwaka uleule wa filamu ya Cimino. Wasomaji wengi wamekishika kwa ajili ya siasa zake, na sura ile ya wagonjwa haizungumzwi sana.

Mwaka huohuo Tanzania nayo iliingia vitani. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Wakati Hollywood ikigawa tuzo zake, majeshi ya Tanzania yalikuwa kwenye malango ya Kampala, na siku mbili baadaye, Aprili 11, 1979, mji huo ukaanguka. Vita hivyo havifanani na vya Vietnam: Marekani ilikwenda mbali kuingilia nchi ya watu, Tanzania ilikuwa imevamiwa. Askari wake, wakiwamo maelfu ya wanamgambo waliotolewa mashambani na maofisini, walirejea wakiwa washindi na kupokewa hivyo.

Lakini ndoto za usiku hazijui kutofautisha vita vya haki na visivyo vya haki. Mshindi ana taabu yake, pengine kubwa zaidi, kwani hana ruhusa ya kusema kwamba ameumia. Mwenye kujikunyata ukutani huku mtaa mzima unamwimbia ataambiwa nini? Ataambiwa amelogwa, au pombe imemzidi, au ajikaze kiume. Mengi ya maneno hayo yanasemwa na wanaompenda.

Tangu wakati huo wanajeshi wa ukanda huu wamepelekwa katika medani nyingine: wa Kenya nchini Somalia tangu mwaka 2011, wa Tanzania mashariki mwa Kongo tangu mwaka 2013. Kambi ya El Adde ilivamiwa Januari 2016, na kituo cha Semuliki Desemba 2017. Majeneza yalipokewa kwa heshima zinazostahili. Waliotoka kambini humo wakiwa hai walirudi kwenye nyumba zao za kawaida, na maswali ya wake zao, watoto wao na marafiki wao wa utotoni ni yaleyale ya Clairton.

Katika filamu, jibu la Michael ni kutimiza ahadi. Kwanza anamtoa Steven hospitalini na kumrudisha nyumbani, hata kama Steven anakataa. Kisha anarudi Saigon, mwaka 1975, mji ukiwa unaanguka na kila mwenye uwezo akikimbia. Anamkuta Nick katika nyumba ya kamari, amefunga kitambaa chekundu kichwani, mikono ina alama za sindano, macho hayamtambui mtu.

Michael anamsemesha. Anamtajia milima, miti, nyumbani. Hakuna kinachoingia. Mwisho anafanya kitu pekee kilichobaki: analipa fedha, anakaa mezani upande wa pili na kuichukua bastola ili acheze naye. Anaweka maisha yake rehani ili rafiki yake amwone. Na kwa nukta chache Nick anamwona kweli. Anatabasamu, anakumbuka msemo wao wa uwindaji kuhusu risasi moja, kisha anainua bastola. Zamu hii risasi imo.

Wapo wanaosoma tukio hilo kama sifa kwa urafiki unaovuka mpaka wa kifo. Usomaji huo unasahau tarehe. Michael amefika miaka kadhaa baada ya Nick kutoka hospitalini. Katika miaka hiyo jeshi lilimwandika Nick kuwa mtoro na kuachana naye. Hakuna aliyetumwa kumtafuta, ingawa fedha zake zilikuwa zikifika kila mwezi katika hospitali ya serikali ya Marekani. Upendo wa Michael haukuwa na dosari. Ulikuwa umechelewa, na ulikuwa peke yake.

Filamu inafungwa kwa mazishi na chai ya asubuhi katika baa ileile. Waombolezaji wanapanga vikombe, wanasogeza viti, wanazungumzia hali ya hewa. Mwenye baa, aliyekwenda jikoni kukaanga mayai, analia peke yake huku akivuma wimbo wa kuiombea Marekani baraka. Wengine wanaudaka mezani na kuumaliza taratibu, kwa sauti zisizolingana. Wakosoaji wamegombana kwa zaidi ya miaka 40 iwapo wimbo huo ni uzalendo au ni kejeli. Wanaouimba hawaonekani kuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo mawili. Wakimaliza wanainua glasi kwa ajili ya Nick, na Steven yupo mezani, kwenye kiti chake cha magurudumu, karibu na mkewe.